Bleach inanoga marehemu wanapodai haki yao

Sora Inoue alikufa kwa ajali ya gari, akamwacha mdogo wake wa kike, Orihime, peke yake duniani. Siku ile walikuwa wamekosana. Kaka alikuwa amemnunulia vibanio vya nywele, binti akavikataa kwamba ni vya kitoto, na asubuhi kaka akatoka kwenda kazini bila kuagwa. Baada ya msiba binti akawa anavivaa vibanio vile kila siku, na kila siku akimwombea marehemu. Miaka ikapita. Akapata marafiki, akaanza kucheka tena, dua zikapungua mpaka zikakoma. Huko alikokuwa, kaka akaona amesahauliwa. Upweke ukamgeuza zimwi lenye kinyago usoni, akarudi usiku kumla dada yake.

Hayo yamo katika sehemu ya 2 na ya 3 ya Bleach, katuni ya Kijapani ambayo vijana wa Kigoma na Ujiji wanaifahamu kuliko wazazi wao wanavyodhani. Na linalonifanya niiheshimu ni namna kisa kile kinavyomalizika. Dada anamkumbatia zimwi na kumweleza kwamba aliacha kumwombea ili kaka yake amwone ana furaha, aache kumhofia. Kisha anamuaga, ule uagaji ambao hakuutoa asubuhi ya ajali. Kaka akisikia hivyo, anajichoma mwenyewe kwa upanga wa kijana aliyekuja kumuua, asafike na aende zake. Nani ameshinda pambano lile? Hakuna. Deni limelipwa, basi.

Mtu aliyekulia Ujiji hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Kwetu marehemu ana siku yake ya tatu, ana arobaini yake, ana hitima ya mwaka, na familia inayopuuza inasemwa mitaani. Ndiyo maana nashikilia hoja hii, na mashabiki wa ngumi wanisamehe: Bleach ni kazi kubwa kila inapokumbuka kwamba wafu wanatudai, na ni kazi ya hovyo kila inaposahau na kubaki kupima nani ana nguvu kuliko nani. Bahati mbaya imesahau mara nyingi.

Kwa asiyeijua, msingi wake ni huu. Tite Kubo alianza kuichora mwaka 2001 katika jarida la Weekly Shonen Jump na akaimaliza 2016, jumla ya vitabu 74. Studio Pierrot wakaigeuza kuwa katuni ya televisheni iliyoanza kuonyeshwa TV Tokyo tarehe 5 Oktoba 2004 na kukatika tarehe 27 Machi 2012, ikiwa imefikisha sehemu 366. Kila sehemu ina dakika kama 24. Ukikaa kuzitazama mfululizo bila kula wala kulala utamaliza siku sita, usiku na mchana. Stelingi ni Ichigo Kurosaki, mwanafunzi wa miaka 15 mwenye nywele za rangi ya chungwa na jicho linaloona roho. Usiku mmoja anakutana na Rukia Kuchiki, mmoja wa shinigami, askari wa ahera ambao kazi yao ni kuzisindikiza roho zilizokwama duniani na kuyamaliza mazimwi. Rukia anajeruhiwa, anamkabidhi kijana nguvu zake, na matata yanaanzia hapo.

Mimi naitazama mara nyingi kwenye banda la video, Ujiji: ukuta wa matofali ya kuchoma, paa la bati, madawati yasiyo na egemeo, pazia zito mlangoni la kuzuia mwanga. Banda lina msimu wake, na msimu huo unapangwa na ziwa. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao. Mwezi ukishakuwa mkubwa taa hazivuti kitu, mitumbwi inabaki Kibirizi na Katonga, na vijana wenye nguvu na usiku mzima usio na kazi wanajaa mabandani. Mwaka 2024, shughuli za uvuvi ziliposimamishwa ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, muda wa kutazama hadithi ndefu ulipatikana hata kwa wasioutaka. Anayeuliza nani ana subira ya sehemu 366 hajawahi kuishi mwambao ambako kazi inasimama kwa kusubiri mwezi.

Sauti ni ya Kijapani, maandishi ya chini ni ya Kiingereza, na mbele anakaa kijana aliyemaliza kidato cha nne akieleza kwa Kiswahili chenye Kiha ndani yake. Ni mtoto wa desturi kongwe. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro, na watu hao walitufundisha kwamba filamu ya kigeni haijawa yetu mpaka mtu wetu aiseme. Tatizo la kijana wetu ni haraka. Anajua wateja wamekuja kuona panga, kwa hiyo pakitokea mazungumzo makaburini anabonyeza kwenda mbele. Pale ndipo ninapogombana naye, kwa kuwa makaburini ndiko utamu uliko.

Chukua mwanzo wenyewe. Kabla hatujaona upanga wowote, Ichigo anawavamia vijana waliokuwa wakicheza mtaani. Kosa lao ni kupiga teke chupa ya maua iliyowekwa mahali alipofia mtoto. Anawachapa, kisha anawaamuru waombe radhi na walete maua mengine. Mtoto mwenyewe yupo, amesimama pembeni, roho tu. Dakika chache hizo zimemweleza stelingi kuliko hotuba zote atakazotoa baadaye. Hapigani kwa ajili ya kombe wala ufalme, bali kwa sababu mtu asiyeweza kujitetea amedharauliwa.

Au chukua sehemu ya 8 na ya 9. Ni tarehe 17 Juni, siku aliyokufa mama yake Ichigo, na familia nzima inapanda kilimani kuzuru kaburi. Baba, mtu wa mizaha isiyokoma, anawasha sigara, moja tu, mara moja kwa mwaka, kwa kuwa zamani mkewe alimsifia akiwa na sigara mkononi. Mtoto anajilaumu kwamba mama alikufa akimwokoa yeye. Baba hamlaumu, anamtaka aishi hadi uzee, afe baada ya baba yake. Zimwi lililomuua mama linatokea siku hiyohiyo, wanapigana, na Ichigo halimalizi. Linatoroka. Banda zima lilizomea. Lakini mwandishi alikuwa anasema kweli: msiba wa mama haulipizwi kwa mchana mmoja.

Kuanzia sehemu ya 21 hadi ya 63 hadithi inahamia ahera, ambako Rukia amehukumiwa kifo kwa kosa la kumpa binadamu nguvu zake. Hapa Kubo alifanya jambo la werevu. Ahera yake si pepo. Ina mabwanyenye ndani ya ukuta mweupe na makabwela nje yake, imepangwa kwa vikosi 13, ina baraza la wazee 46 wasiohojiwa na mtu, na wilaya za maskini zilizohesabiwa kwa namba hadi 80 kila upande. Kadiri namba inavyopanda ndivyo watu wanavyozidi kutembea pekupeku na kupigania maji. Mtu anakufa akidhani amepumzika, kumbe amehamia mtaa usio na bomba.

Na katikati ya panga zote zile, pambano la maana linatokea ndani ya moyo wa mtu mmoja, kapteni Byakuya, anayehesabika kuwa kaka wa Rukia. Mkewe alipokuwa anakata roho alimwapisha amtafute na kumlinda mdogo wake, ambaye ni huyu Rukia. Naye mbele ya kaburi la wazazi wake alikuwa ameapa kutovunja sheria tena. Wafu wawili, viapo viwili, na kimoja lazima kivunjwe. Kila mtu anayetoka ukoo wenye wosia unaogongana ataelewa kwa nini mtu huyo uso wake ni jiwe. Sehemu hizo 63 za kwanza nazipa alama zote.

Halafu ikaja sehemu ya 64.

Wasomaji wa riwaya za magazetini wanaujua ugonjwa huu. Zile hadithi za Eric Shigongo na wenzake zilizokuwa zikitoka kwa vipande katika magazeti ya wiki zilitufundisha raha ya kusubiri toleo lijalo, na zikatufundisha pia kumtambua mwandishi anayezunguka pale pale kwa sababu gazeti lazima litoke. Televisheni ya Kijapani nayo ilidai Bleach kila wiki, ilhali Kubo alikuwa bado anachora na katuni imeshamkaribia. Badala ya kusimama, watengenezaji wakabuni hadithi zao za kujazia. Kuanzia 64 hadi 108 tukaletewa jamii ya Bount, viumbe wanaoishi kwa kula roho, ambao Kubo hakuwachora kwenye kitabu chake. Kuanzia 168 hadi 189 akaletwa kapteni mpya, naye akaondoka asikumbukwe. Kuanzia 230 hadi 265 panga zenyewe zikageuka watu na kuasi mabwana zao. Kuanzia 317 hadi 342 askari wa ahera wakavamiwa na nakala zao. Jumlisha: hizo peke yake ni sehemu 129, zaidi ya theluthi ya kazi nzima.

Sisemi zote ni takataka. Ile ya panga kuasi ina wazo zuri, kwa kuwa katika dunia hii kila upanga una jina lake na hauna nguvu mpaka mwenye nao alijue. Kosa la hadithi za kujazia ni kwamba hazina mwisho wenye uzito. Hakuna anayeruhusiwa kufa kikweli wala kubadilika, maana wiki ijayo kila kitu lazima kirudi kilipokuwa ili kitabu kiendelee. Wazia hadithi ya mauti ambamo kufa kumepigwa marufuku.

Na hata Kubo mwenyewe hakupona. Akishaingia kwenye jangwa jeupe la mazimwi, analeta maadui 10 wakubwa na kuwapa kila mmoja njia moja ya kufa: upweke, uzee, tamaa, hasira, wazimu, na kadhalika. Wazo hilo lingeweza kubeba kitabu kizima. Badala yake tunapata watu waliosimama wakielezana uwezo wao, mmoja akimaliza mwenzake naye anaeleza wa kwake, kisha wa kwanza anafichua kwamba alikuwa ameficha mwingine. Nimeona mvuvi mzima akisinzia na kichwa kikimwangukia jirani wakati dunia inateketea kwenye kioo. Aliamka sehemu ya 272, Ulquiorra anapogeuka majivu huku mkono wake ukimnyooshea Orihime. Adui aliyekuwa hajui moyo ni nini anaujua anapokufa. Hapo banda lilinyamaza, na yule mfasiri wetu kwa mara ya kwanza hakubonyeza kitu.

Kuna mengine ya kulalamikia. Namna wanawake wanavyochorwa, vifua mbele ya akili, inachosha, na kwa anayekaa na wadogo zake sebuleni inaaibisha. Orihime aliyemkumbatia zimwi akamshinda kwa maneno anaishia kuwa binti wa kutekwa na kulilia kuokolewa kwa msimu baada ya msimu. Sado, rafiki mkubwa wa Ichigo, mwenye asili ya Mexico na ngozi ya maji ya kunde, analetwa kama ukuta wa zege na kazi yake inakuwa kuanguka wa kwanza ili tujue adui ni hatari. Vijana wa bandani wameliona hilo bila kufundishwa, wana utani wao juu yake. Faraja yao ni Yoruichi, mwanamke mweusi wa ukoo bora, mwenye mbio kuliko wote, anayetembea akiwa paka akitaka. Yeye akitokea, kelele zinafika barabarani.

Mwaka 2012 katuni ikakatwa ilhali kitabu kinaendelea, na kwa miaka kumi tukadhani imekwisha. Kigoma hatuna sababu ya kustaajabia kinachorudi. Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao ya Graf von Goetzen mwaka 1916, baada ya kuipaka mitambo grisi, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Bleach nayo ilizamishwa ikiwa na grisi: kisa cha mwisho kilikuwa tayari kitabuni, kikisubiri mtu wa kukiopoa. Oktoba 2022 ikaopolewa na mwongozaji mpya, Tomohisa Taguchi, na mafungu mengine yakafuata Julai 2023 na Oktoba 2024. Safari hii hakuna kujazia. Kila fungu lina sehemu chache tu, 13 au 14, na Kubo mwenyewe alishirikishwa, akaongeza matukio ambayo kitabuni aliyapita mbio.

Tofauti inaonekana mapema. Mkuu wa vikosi vyote, mzee Yamamoto, anapotumia nguvu yake ya mwisho anafukua mifupa ya watu wote aliowahi kuwaua ili impiganie. Jemadari anayeheshimika, na jeshi lake ni dhambi zake! Kisha Ichigo anasimuliwa habari kamili za mama yake: alikuwa nani, alimpataje mumewe, na kwa nini siku ile aliyokufa hakuweza kujiokoa. Miaka 18 baada ya sehemu ya kwanza, kaburi lile la kilimani linafunguliwa upya. Ndivyo hadithi ndefu inavyopaswa kulipa. Bado kuna vita vingi mno na maadui wengi wenye majina magumu, lakini wafu wamerudi kudai na hadithi imepata pumzi.

Wazee wangu wa msikitini wananiuliza kwa nini nawasifia vijana jambo la mashetani. Swali lao ni la haki, nami nawajibu kwa heshima. Bleach haimwiti mtu kuabudu kitu. Mtoto wa Ujiji anayehudhuria maulidi na kusikia dhikri za Kadiria tangu mgongoni mwa mama yake anajua kutenganisha dini na hadithi. Tena, sisi ni watu wa mwisho kujifanya hatujui mambo haya. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alipokuwa akizunguka ziwa kwa mitumbwi aliandika kwamba walipofika rasi ya Kabogo, kusini mwa hapa, wapiga kasia walisimama kutoa sadaka na kumsihi pepo wa pale, ambaye waliamini anakaa na mkewe, awapitishe salama. Na kote Rwanda, Burundi hadi Buha babu zetu walimjua Ryangombe, mwindaji aliyeuawa na nyati, akawa mkuu wa mizimu. Waliojiunga na kundi lake waliingizwa kwa siri na kupewa majina mapya. Jina la siri, nguvu, kundi la wafu lenye vyeo: mbona Kubo angejisikia nyumbani hapa.

Ila kuna jambo moja ambalo Mjapani huyu amelichora kama pambo, na kwetu si pambo. Katika Bleach kila roho iliyochelewa kuondoka ina mnyororo uliochomoza kifuani. Mnyororo unajila wenyewe pete kwa pete, ukiisha kifua kinabaki tundu, na mtu anakuwa zimwi. Nilipouona nikiwa nimekaa Ujiji, katika mji ambao karne ya 19 ulikuwa kituo cha misafara ya watumwa, mji wa wenye misafara hiyo, akina Rumaliza, sikuweza kuuona kama mchoro tu. Watu walivushwa ziwa kutoka Manyema wakiwa wamefungwa, wakatembezwa hadi Tabora na Bagamoyo, na waliokufa njiani hawakuhitimiwa na mtu. Wengi wetu ni wajukuu wa waliobaki, wengine wa waliofungwa, wengine wa waliofunga. Wageni wakija tunawapeleka penye kumbukumbu ya Livingstone, mzee wa Kizungu aliyetafutwa na mwandishi wa gazeti, tunapiga picha, tunarudi kunywa chai. Kama kuna mji duniani ambao roho zenye minyororo vifuani zingekuwa na jambo la kumdai aliye hai, ni huu.

Hatujashindwa kusimulia ya kutisha. Mussa Banzi alitupa filamu za Nsyuka na Shumileta, na watu waliogopa kwelikweli. Wachoraji wa jarida la Sani walitulea na Lodi Lofa na Madenge kwa kalamu na wino. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na hadithi moja kwa miaka. Nimeona madaftari ya wanafunzi wa sekondari pale Mwanga yaliyojaa Ichigo mwenye upanga, mistari safi kabisa, mikono inayojua kazi. Nawaomba wenye madaftari hayo, mkimaliza Ichigo, mchoreni mpiga kasia anayepita Kabogo usiku, na mtu aliyeketi nyuma ya mtumbwi ambaye hakupanda Kibirizi. Muulizeni bibi majina. Gazeti lolote la wikiendi lenye akili, hili likiwemo, lingepaswa kuwapa robo ukurasa kila wiki na kuwalipa.

Kwa wenye mabanda, na kwa anayetaka kuwekewa kwenye flashi, huu ndio mpangilio wangu: tazama ya 1 hadi 63 bila kuruka hata moja, achana na 64 hadi 108, endelea 109 hadi 167, ruka hadi 190, na zile za 206 hadi 212 zinazoeleza mambo ya miaka 100 nyuma zisikupite. Panga zinazoasi ni kwa mwenye muda. Kutoka 266 hadi 316 vumilia, ziache 317 hadi 342, zimalize zilizobaki, kisha nenda moja kwa moja kwenye zile za 2022. Watoto walio chini ya miaka 13 wakalale.